Firenze au Venezia: ukiwa na siku chache Italia, uende wapi?

Watu wa kwetu wanaopata viza ya Italia, wawe wamealikwa mkutanoni, wanamtembelea ndugu au wanakwenda kutembea tu, wakishamaliza Roma hukutana na swali lile lile. Zimebaki siku mbili tatu: Firenze au Venezia? Jibu wanalopewa mara nyingi ni la haraka, kwamba Firenze ni sanaa na Venezia ni maji. Jibu hilo halimsaidii mtu kuchagua. Venezia imejaa sanaa hadi kwenye makanisa madogo ya mitaani, na Arno, mto wa Firenze, umewahi kuingia makanisani na kuharibu picha za karne nyingi.

Nimetembea miji yote miwili na naipenda yote, ila kwa namna mbili. Tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba Firenze imeweka uzuri wake ndani, na Venezia imeuanika nje. Ukiishika tofauti hiyo, mambo ya fedha, muda, miguu na watoto yatajipanga yenyewe.

Firenze, mji wa ndani ya milango

Ukizunguka Firenze bila kuingia popote utaona kuta nene za rangi ya mchanga, madirisha yenye nondo na majumba yanayofanana na ngome. Palazzo Medici Riccardi ilikuwa nyumba ya ukoo wa Medici, waliotajirika kwa benki wakaja kuutawala mji. Kwa nje ni mawe makubwa tu, yamechongwa kidogo yakaachwa na makovu yake. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe Unguja ataielewa mara moja, kwa sababu ndivyo zilivyo nyumba zetu za mawe: ukuta haukwambii kitu mpaka ufunguliwe mlango. Ndani, ghorofani, kuna kanisa dogo la familia. Benozzo Gozzoli alianza kuchora kuta zake mwaka 1459. Alichora msafara wa Mamajusi ukiteremka vilima, farasi wenye hatamu za dhahabu, mbwa wa kuwindia, ndege, na katikati ya watu wa msafara Mwafrika aliyeshika upinde. Chumba ni kidogo kiasi kwamba msafara unakuzunguka pande zote.

Mji mzima uko hivyo. Uffizi lilianza kujengwa mwaka 1560 kwa mkono wa Giorgio Vasari ili liwe jengo la ofisi za serikali, na ndani yake leo wamo Botticelli, Leonardo, Raffaello na Caravaggio. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo imo Galleria dell'Accademia, jengo ambalo ungelipita barabarani bila kugeuza shingo kama si foleni iliyo mbele yake. Ina urefu wa mita 5.17, na Michelangelo aliichonga kati ya mwaka 1501 na 1504 kutoka pande la marumaru ambalo wachongaji waliomtangulia walilianza wakaliacha. Ilikaa nje, Piazza della Signoria, hadi mwaka 1873 ilipohamishiwa ndani kuokolewa na mvua na jua. Unayoiona uwanjani sasa ni nakala. Wengi hupiga picha na nakala wakaridhika, na hilo huniuma kidogo, maana ile ya kweli ina mishipa kwenye mkono wa kulia ambayo unahisi damu inapita.

Lakini mahali ninapopapenda kuliko pote Firenze ni San Marco, nyumba ya zamani ya watawa Wadominiko. Fra Angelico, mtawa wa nyumba hiyohiyo, yeye na wasaidizi wake walichora picha kwenye ukuta wa kila chumba cha kulala watawa, juu ya lipu mbichi, katika miaka ya 1440. Kila mtawa alipewa picha moja, dirisha moja na kitanda. Ukimaliza ngazi unakutana na malaika Gabrieli akimpasha Mariamu habari, na hakuna dhahabu ya kukuzuga: ni watu wawili kwenye baraza na ukimya kati yao. Watu wanaolalamika kwamba Firenze imewachosha mara nyingi hawakufika hapa.

Sasa ubaya wa mji uliojificha ndani ni kwamba kila mlango una tiketi na kila tiketi ina saa yake. Kuba la kanisa kuu ni lazima uweke nafasi kabla, Uffizi na Accademia ni vyema ufanye hivyo pia, na msimu wa watalii, kuanzia Aprili hadi Oktoba, uweke wiki kadhaa mapema. Aliyefika bila nafasi anaweza kuimaliza siku nzima juani. Kuba lenyewe, alilojenga Filippo Brunelleschi kati ya mwaka 1420 na 1436, lina ngazi 463 na halina lifti. Njia ni nyembamba, kwa sababu unapanda katikati ya maganda mawili ya kuba, la ndani na la nje. Njiani utaona siri ya kazi yake. Matofali yaliyolala yanapishana na yaliyosimama, kila safu ikijishika yenyewe wakati wa ujenzi, ndiyo maana fundi huyo hakuhitaji msitu wa nguzo za mbao kutoka chini. Kwa mwenye magoti mazima na moyo mzuri, panda. Mwenye shinikizo la damu au anayeogopa mahali pa kubana abaki chini. Sakafu ya kanisa kuu haina kiingilio.

Niwe mwadilifu: Firenze nayo ina vya bure vilivyo nje. Loggia dei Lanzi, pembeni mwa Piazza della Signoria, ina sanamu ya shaba ya Perseus ya Benvenuto Cellini na huhitaji kulipa senti kuitazama. Ponte Vecchio, daraja la mwaka 1345 lenye maduka ya masonara juu yake, ndilo daraja pekee la mji ambalo Wajerumani hawakulilipua walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1944. Na Piazzale Michelangelo, ng'ambo ya mto, inakuonyesha mji wote jioni. Hayo yote unayamaliza kwa siku moja. Kilichobaki kiko ndani.

Venezia, mji uliojianika

Venezia inaanza kukupa kabla hujalipa. Unatoka mlango wa stesheni ya Santa Lucia, unateremka ngazi chache, na Mfereji Mkuu uko miguuni pako, boti zinapishana. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli haziruhusiwi. Magari yanaishia Piazzale Roma. Kuanzia hapo ni miguu, boti na madaraja, na madaraja ni zaidi ya 400.

Majumba ya hapa yametazama maji na yametobolewa madirisha mengi, tao juu ya tao. Sababu ni mbili. Venezia ilikuwa jamhuri iliyolindwa na wangwa, maji ya bahari yasiyo na kina yanayoizunguka, hivyo tajiri hakuhitaji kujijengea ngome kama yule wa Firenze. Tena ardhi ni tope: nyumba zimesimama juu ya miti iliyogongomelewa chini, ambayo haiozi kwa kuwa kule haipati hewa, na ukuta wenye madirisha mengi ni mwepesi kuliko ukuta mzito. Uzuri ule wa nje ni hesabu ya uzito.

Panda boti ya umma namba 1, vaporetto, kutoka stesheni hadi uwanja wa San Marco (jina tu ndilo moja na nyumba ile ya watawa ya Firenze). Tiketi moja ni euro 9.50 na inadumu dakika 75. Ukikusudia kupanda zaidi ya mara mbili, ya saa 24 kwa euro 25 ni nafuu zaidi. Ukipata kiti cha mbele, umepata onyesho kuliko lolote ambalo Firenze ingekutoza tiketi. Gondola ina bei rasmi ya mji: euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 baada ya saa moja jioni, kwa gondola nzima na si kwa kichwa. Familia ya watu wanne au watano wanaweza kugawana. Asiyetaka kutoa hizo avuke mfereji kwa traghetto, gondola ya kuvushia watu, kwa euro 2.

Basilika ya San Marco nayo imejaa mambo yaliyotoka kwingine, na mengine yametoka upande wetu wa dunia. Masalia ya Mtakatifu Marko yaliletwa kutoka Aleksandria, Misri, mwaka 828, na wafanyabiashara wa Venezia waliyachukua kwa siri. Farasi wanne wa shaba walichukuliwa Konstantinopoli mwaka 1204, mji huo ulipoporwa na wanajeshi wa Vita vya Msalaba. Kuta za ndani zina zaidi ya mita za mraba 8,000 za vipande vya glasi na dhahabu. Kwa ujumla, mkono wa Mashariki unaonekana Venezia kuliko mji wowote wa Italia ninaoujua: matao yaliyochongoka, nakshi zinazorudiarudia kwenye ukuta wa Palazzo Ducale, vichochoro vya watu wawili kupishana bega kwa bega. Mtu aliyezoea miji ya Bahari ya Hindi hatajiona mgeni kabisa.

Ubaya wa Venezia ni watu. Katikati ya mji wa kale wamebaki wakazi chini ya 50,000, wakati mwaka 1951 walikuwa takriban 175,000. Nyumba zao zimekuwa vyumba vya wageni. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, njia ya kutoka daraja la Rialto hadi San Marco inakuwa mkondo wa watu ambao hauwezi kusimama hata kufunga kamba ya kiatu. Tangu mwaka 2024 mji umeanza kutoza ada ya kuingia kwa wanaokuja na kuondoka siku hiyohiyo, katika siku zilizopangwa za msimu wa kilele. Ilianza na euro 5, na mwaka 2025 anayechelewa kuilipa akatozwa 10. Anayelala ndani ya manispaa ya Venezia, Mestre ikiwemo, hailipi, lakini ajiandikishe mtandaoni apate cheti cha msamaha.

Wengi wetu hulala Mestre, bara, kwa sababu ni nafuu na treni ni ya dakika kumi na kidogo. Nashauri tofauti: punguza siku, lala visiwani hata usiku mmoja. Mji unaoonekana saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi si ule wa mchana. Njia zinafunguka, unasikia maji yanagonga kuta, na ukiuliza njia mwenyeji ana nafasi ya kukujibu. Ila begi liwe dogo, maana karibu kila daraja lina ngazi na hakuna wa kukubebea bure.

Tulivyo ndani ya miji hii

Hapa ndipo ningependa msomaji asiharakishe. Nimewaona Waafrika wengi wakipita kwenye majumba haya kana kwamba wanatazama mambo ya watu wengine tu.

Firenze, katika kanisa la Santa Maria Novella lililo hatua chache kutoka stesheni, Domenico Ghirlandaio alichora kuta za kanisa dogo la Tornabuoni kati ya mwaka 1485 na 1490. Katika picha ya Mamajusi, nyuma huko, yumo twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimletea Lorenzo de' Medici twiga wa kweli, akazungushwa mjini, watu wakimchungulia madirishani. Hakuishi sana. Kisha nenda Cappelle Medicee, makaburi ya ukoo wa Medici. Ndani ya kaburi la Lorenzo mwingine wa ukoo huo, Mtawala wa Urbino, ambalo Michelangelo alilichongea sanamu, amelazwa pia Alessandro de' Medici, mtawala wa Firenze tangu mwaka 1532, aliyeuawa mwaka 1537. Inasemwa kwa karne nyingi kwamba mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika. Hakuna sanamu yake pale, na wageni wengi hawajui yumo.

Venezia ina zaidi, na mengine yanachoma. Katika Gallerie dell'Accademia kuna picha ya Vittore Carpaccio ya miaka ya 1490 inayoonyesha Mfereji Mkuu wenye shughuli, na mmoja wa waendesha gondola ni kijana Mweusi aliyevaa vizuri, kofia ina unyoya. Halafu katika kanisa la Frari, lenye pia uzuri wa Kupalizwa kwa Bikira Maria wa Tiziano, liko kaburi la Doge, yaani mkuu wa jamhuri, Giovanni Pesaro la mwaka 1669. Mzigo wake wote umebebwa na wanaume wanne Weusi wakubwa, nguo zao za marumaru zimechanika, na kwenye matundu yake unaona ngozi ya jiwe jeusi. Fundi alichonga hata machovu yao. Simama pale na uitazame, hata kama haipendezi. Ni sehemu ya mji sawa na dhahabu ya San Marco.

Na ushanga. Mafundi wa glasi wa Venezia walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, na miaka mingi baadaye, karne ya 19, shanga za Venezia zilibebwa kwa mizigo na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kila nchi ya njiani ilikuwa na rangi yake iliyoitaka. Samsam nyekundu ilipendwa sana, na msafara uliokosea rangi ulikaa na njaa. Ukiona shanga kwenye kabati la makumbusho ya Murano, unatazama fedha iliyowahi kununua chakula Unyamwezi.

Tena uhusiano huo haujaishia kwenye makabati. Maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venezia, Biennale, yaliyoanza mwaka 1895, siku hizi yana banda za nchi zetu. Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2022 ikapata kutajwa kwa heshima na majaji, na Tanzania ikafuata mwaka 2024. Maonyesho ya sanaa hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, kuanzia masika hadi Novemba. Ukiwa msanii au mpenzi wa sanaa ya leo, mwaka wa Biennale uchaguzi umekwisha: Venezia. Firenze haina cha kulingana nayo.

Chakula, majira na mengineyo

Firenze ni mji wa nyama. Chakula cha barabarani ni lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa kwenye mchuzi, likakatwa na kutiwa ndani ya mkate. Anayependa supu ya utumbo atakuwa nyumbani. Mkate wa Toscana hauna chumvi, usidhani wamesahau. Mwislamu atapata shida kidogo, kwa kuwa nyama nyingi ya migahawani si halali na nguruwe ameingia hata kwenye vitafunio; ategemee samaki, mboga, na maduka ya wahamiaji yaliyo karibu na stesheni. Venezia ni rahisi kwake, mji unakula baharini: dagaa wakubwa waliokaangwa wakalazwa kwenye kitunguu na siki, samaki mkavu aliyepondwa kwa mafuta, ngisi. Miji yote miwili, kahawa inayonywewa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ya mezani, na kwenye Piazza San Marco meza yenye muziki huongezewa gharama ya muziki.

Julai na Agosti epuka yote. Firenze iko bondeni na joto linakaa. Novemba hadi Januari Firenze ni tulivu na nzuri kwa makumbusho. Venezia majira hayo inaweza kupandwa na maji, ingawa tangu Oktoba 2020 milango ya MOSE kwenye midomo ya wangwa hunyanyuliwa bahari ikijaa sana. Tarehe 4 Novemba 1966 ilizipiga zote mbili siku moja: Arno uliizamisha Firenze, na Venezia maji yalifika sentimita 194 juu ya kipimo chao. Msalaba uliochorwa na Cimabue, ulio katika kanisa la Santa Croce, Firenze, bado una mabaka yaliyo wazi ya rangi iliyoondoka siku ile.

Usinunue mikoba ya nembo bandia barabarani. Sheria ya Italia humtoza faini hata mnunuzi. Na waliojifunza Kiitaliano Malindi, Watamu au Kiwengwa wakitumie bila haya, kinafungua nyuso.

Basi uchague upi?

Una siku moja tu kutoka Roma: Firenze. Treni ya kasi ni saa moja na nusu hivi, na ukiwa na nafasi ya Accademia asubuhi na Uffizi mchana utarudi umeona kitu kikubwa. Venezia kwa siku moja ni saa nne za treni kwenda, nne kurudi, na utaufikia mji saa ile ile ya msongamano.

Una usiku mmoja au miwili, na watoto au mzazi mtu mzima, au hukupata muda wa kupanga: Venezia. Mtoto hatachoka kutazama boti, mzazi ataketi kwenye vaporetto, na mnara wa San Marco, ulioanguka mwaka 1902 ukajengwa upya na kufunguliwa 1912, una lifti.

Unapenda picha na sanamu kiasi cha kusimama mbele ya moja kwa nusu saa, na uko tayari kununua tiketi ukiwa bado nyumbani: Firenze, na uipe usiku tatu. Mimi ni wa kundi hili, kwa ajili ya vyumba vile vya watawa wa San Marco. Lakini rafiki akiniuliza, anakwenda mara moja na huenda asirudi tena, humwambia Venezia. Michoro mizuri ipo miji mingi ya Ulaya. Mji mwingine wa namna ile haupo, na ulivyo na wakazi wanaopungua kila mwaka, nisingemwambia asubiri.

Ukiweza yote mawili, kati ya stesheni ya Santa Maria Novella na Santa Lucia ni saa mbili na robo kwa treni ya kasi, na tiketi iliyonunuliwa mapema hushuka bei sana. Anza na Firenze. Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu iwe ndiyo siku yako ya kupanda treni. Makumbusho ya serikali huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, ila foleni ya siku hiyo ni ndefu. Kama una watoto wadogo, lipa uende siku nyingine, wao wenyewe hawalipi hadi watimize miaka 18.